Tunajua Kumzika Mgeni, Kumpokea Bado

Mtu akifia katika chumba cha kupanga pale Igoma au Buhongwa, swali la kwanza la mwenyekiti wa mtaa halihusu ugonjwa. Anauliza, "Huyu kwao wapi?" Simu ya marehemu inafunguliwa, anapigiwa mmoja, naye anampigia mwingine, na kabla jua halijazama turubai limefungwa uani na daftari la michango limeanza kujaa. Wanakuja watu wa Ukerewe, au wa Tarime, au wa Muleba, kutegemea jibu la lile swali. Sanduku linapatikana, gari linapatikana, na marehemu anarudishwa kwao kwa heshima zote.

Nimechangia misiba ya namna hiyo mara nyingi na sijutii hata shilingi moja. Kinachoniuma ni hesabu ya nyuma yake. Wengi kati ya hao tunaowasafirisha walishuka stendi ya Nyegezi, au mwaloni pale Kirumba, wakiwa na begi moja na namba ya simu ya ndugu ambayo haipokelewi. Siku hiyo hakuna aliyeuliza kwao wapi, wala aliyefungua daftari. Gharama ya kumlaza mgeni wiki moja na kumtafutia kibarua ni sehemu ndogo tu ya nauli ya maiti kwenda Bukoba, lakini fedha ya kwanza hatunayo, na ya pili hatujawahi kuikosa.

Ukisimama Usagara asubuhi, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo, utaona wageni wa namna hii hawatapungua. Zamani aliyetoka Geita au Sengerema alisubiri kivuko cha Busisi, na foleni ile yenyewe ilimpa mtu muda wa kufikiria mara mbili. Tangu Juni 2025 anapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, kilomita zipatazo 3 juu ya maji, na ziwa halimsubirishi tena. Daraja ni jema. Ila mji uliofunguliwa mlango mpana namna hii unapaswa kujua nani anakaa mlangoni kupokea wageni, na kwa sasa wanaokaa pale ni madalali wa vyumba, wapiga debe, na watu wanaotafuta mabinti wa kazi za ndani.

Swali ninalotaka kulipima ni hili: mgeni maskini ni mzigo wa nani? Ni wa watu wa kwao waliotangulia mjini, ni wa misikiti na makanisa, au ni wa serikali? Jibu langu nitalitoa, lakini kwanza niende mbali kidogo, kwa sababu wapo watu waliolijibu swali hili zamani kwa namna inayotufaa kuitazama.

Sisi wa Mwanza tukisikia neno Mjerumani tunakumbuka kituo cha utawala cha 1892, kiboko, na jina la Bismarck lililobandikwa kwenye mwamba wetu ziwani. Mjerumani wa karne ya 18 kule Pennsylvania alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alikuwa mkulima wa bonde la Rhine aliyekimbia vita na kodi za watawala wake, akapanda meli Rotterdam bila nauli kamili. Alisafirishwa kwa mkopo. Meli ikitia nanga Philadelphia, asiye na fedha hakuruhusiwa kushuka mpaka apatikane wa kumlipia, na huyo aliyelipa alimchukua akamtumikie miaka mitatu, minne, au zaidi. Gottlieb Mittelberger, mwalimu na mpiga kinanda wa kanisa aliyeifanya safari hiyo, alichapisha kitabu mwaka 1756 akieleza kwamba mume au mke akifia baharini baada ya nusu ya njia kupita, aliyebaki hai alilipa nauli zote mbili, na kulipa huko maana yake ilikuwa kutumikia.

Mmoja wa waliopita humo ni Heinrich Keppele. Alifika mwaka 1738 katika meli ambayo yeye mwenyewe aliandika kuwa ilibeba abiria 312 na nusu. Nusu ile ni mtoto, kwa kuwa mtoto alihesabiwa nusu nauli. Kati yao 250 walikufa njiani. Keppele alibaki, akafanya biashara, akatajirika. Tarehe 26 Desemba 1764, siku moja baada ya Krismasi, yeye na Wajerumani wenzake, wote pamoja 65, walikutana katika nyumba ya shule ya Kilutheri mjini Philadelphia na kuunda Deutsche Gesellschaft von Pennsylvanien, chama cha kuwasaidia Wajerumani wageni. Keppele akawa mwenyekiti wa kwanza. Bandarini wakati huo kulikuwa na wenzao walioshuka kutoka melini wagonjwa na wenye njaa.

Mpaka hapo ni hadithi tunayoifahamu, chama cha watu wa nyumbani chenye mfuko na katibu. Kinachonigusa ni hatua iliyofuata. Pamoja na kugawa mkate na kuni, walikwenda kwenye baraza la kutunga sheria la jimbo. Sheria ya 1750 iliyohusu meli zilizoleta Wajerumani na abiria wengine ilikwisha kuweka kipimo cha nafasi ya kulala, lakini haikutosha. Kufikia Mei 1765, hata miezi mitano haijatimia tangu mkutano ule, ilipatikana sheria mpya yenye masharti makali zaidi ya nafasi ndani ya meli, daktari na dawa safarini, na mkalimani wa kuandamana na wakaguzi wanapopanda melini, ili abiria aulizwe kwa lugha yake.

Waliona kwamba mkate ungeisha na meli nyingine ingekuja. Pia, na hili ndilo kubwa zaidi kwangu, mkate ulikuwa wa Wajerumani peke yao, ilhali sheria ilimlinda kila abiria aliyeshuka katika meli zile.

Sitaki kuwapamba. Biashara ya kununua miaka ya mtu iliendelea hadi karne ya 19, na chama kilihangaikia namna inavyofanyika kuliko kuwepo kwake. Bandari hiyo hiyo ilipokea Waafrika waliouzwa kwa maisha yao yote, na sheria ya 1765 haikuwagusa. Huruma inayoanza na swali la "kwenu wapi" ina ukuta wake, na aliye nje ya ukuta anaweza kufa huku wema wakiendelea kuwa wema.

Nirudi ziwani, maana hatuhitaji kwenda Atlantiki kuzungumzia meli zilizojaa kupita kiasi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, yenye uwezo wa abiria 430, ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Kati ya waliozikwa Igoma wapo ambao lile swali letu halikupata jibu, kwa hiyo hawakuwa na watu wa nyumbani wa kuwachukua, wakazikwa na umma. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara kutoka Bugolora. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Katika misiba yote miwili vyama vya kufa na kuzikana vilifanya kazi kubwa. Watu walitoa walichokuwa nacho, na wengine walichokopa. Lakini sikumbuki chama hata kimoja cha watu wa nyumbani, kati ya ninavyovijua, kilichobeba katiba yake na orodha ya wanachama wake kwenda kuuliza nani anahesabu abiria gatini, na hesabu hiyo anampa nani. Tulizika, tukatawanyika, tukapanda tena vivuko vilivyojaa. Wale 65 wa Philadelphia walikuwa na meli zao, nasi tulikuwa na zetu. Walipotuzidi ni katika kutambua kwamba chama chenye mfuko wa rambirambi tayari kina vitu vinavyohitajika kudai sheria: kina watu wanaoaminiana, kumbukumbu za maandishi, na majina ya waliokufa.

Asiseme mtu kwamba hili ni la kigeni kwetu. Nchi hii ilikuwa na mipango ya kupokea wageni kabla ya boma lolote. Njia za misafara kutoka Unyamwezi hadi pwani zilizaa utani, na utani haukuwa mzaha mtupu. Mnyamwezi aliyeugua au kufia Uzaramo alikuwa na mtani wa kumhudumia na kumzika, na deni hilo lililipwa mwingine alipokwama upande wa pili. Hapa Usukuma mgeni aliyehamia kijijini alikwenda kwa mwanangwa, kiongozi wa kijiji, akagawiwa mahali, na akatarajiwa kuingia katika kazi za pamoja za vijana waliolima chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Wahindi waliofika ziwani nao walikuwa na utaratibu wao. Alidina Visram, aliyekuja Afrika Mashariki akiwa kijana mdogo miaka ya 1860 na baadaye akafungua maduka kutoka pwani hadi nchi za ziwa, aliwaajiri vijana waliotoka kwao, nao wakajifunza biashara na wengine wakafungua maduka yao. Mgeni yule alipewa godoro nyuma ya duka, kazi kesho yake, na bidhaa za mkopo akishaaminika.

Methali yetu ya mgeni wa siku mbili, ambaye siku ya tatu hupewa jembe, tumezoea kuisoma kama onyo kwa mgeni mvivu. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza misingi ya Ujamaa, akisisitiza kwamba kila mtu lazima afanye kazi. Mimi naomba tuisome upande wa pili pia. Jembe linatoka wapi? Linatoka kwa mwenyeji. Anayetakiwa kutenda siku ya tatu ni mwenye nyumba: anyanyuke, achukue jembe, na amwonyeshe mgeni shamba. Mji wetu unaishika methali kwa nusu. Unamwambia mgeni siku zake zimekwisha, na jembe haumpi.

Kwa nini tulifika hapo? Sehemu ya jibu ni kwamba serikali, ya kikoloni na hata iliyofuata, ilimtazama mgeni maskini mjini kama mtu aliyepotea njia. Wakoloni walikuwa na sheria za kumkamata asiye na kazi na kumrudisha kwao. Mwaka 1983 tulitunga wenyewe Sheria ya Nguvu Kazi, watu wakakamatwa mitaani na kupelekwa vijijini. Neno mzururaji bado linatisha. Na vyama vya watu wa nyumbani, lazima tukiri, havikuwa salama. Luo Union, iliyokuwa na matawi katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ilifanya mema mengi ya mazishi na elimu, lakini pia iliwarudisha kijijini kwa nguvu wanawake iliyowaona wanaaibisha jina la Wajaluo. Chama kinachokujua kwenu kinaweza kukusaidia, na kinaweza kukuchunga.

Hiyo ndiyo hoja nzito zaidi dhidi yangu. Kuna wanaosema tuviache vyama hivi kwenye misiba, maana tukivipa kazi ya kupokea walio hai tunarudisha ukabila mlangoni. Kenya waliona hatari hiyo mpaka mwaka 1980 vyama vikubwa vya kikabila, Luo Union na GEMA vikiwemo, vikaamriwa vivunjwe. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini itazame Mwanza yenyewe. Sukuma Union, chama cha watu wa kabila moja, iliundwa mjini hapa mwaka 1945. Katika miaka hiyohiyo Paul Bomani, aliyezaliwa Ikizu huko Mara, alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza kuanzia 1947, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizunguka vijijini kuwaunganisha wakulima wa pamba waliolalamikia mizani ya wanunuzi. Wakulima waliweka mizani yao wenyewe, wakapima kabla ya kwenda kupimiwa. Mwaka 1955 ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ushirika uliokua kuwa kati ya mikubwa kabisa Afrika. Aliyepeleka pamba kwenye mizani ile hakuulizwa ukoo. Umoja ulioanza kwa watu wanaofahamiana uliishia kwenye chombo cha kila mkulima, na Bomani akaja kuwa waziri wa fedha wa Tanganyika.

Kwa hiyo njia ipo na tumewahi kuipita. Huanzia kwa wanaojuana, ikiwa makusudi ni kufika kwa wasiojuana.

Hoja ya pili husemwa na watu wema kabisa: ukimpokea mgeni vizuri, kesho watakuja kumi. Sioni ushahidi wa hilo katika mji huu. Vijana wa visiwani na wa Geita wanakuja bila kupokelewa na mtu. Wanafukuzwa na mavuno mabaya, kupungua kwa samaki, ugomvi wa mashamba, na umaskini wa nyumbani. Kutowapokea hakuwazuii kuja, kunawapeleka tu kwa mpokeaji mwingine. Binti wa miaka 15 akikosa mtu wa kumpokea stendi, atampata wa kumpokea, na huyo atamwambia mshahara wake utatumwa nyumbani. Nauli aliyolipiwa itageuka deni. Hapo sioni tofauti kubwa kati yake na yule Mjerumani aliyesimama sitahani akisubiri mnunuzi wa miaka yake.

Mwanza ina mfano mzuri wa watu walioliona hilo. WoteSawa, shirika la wafanyakazi wa nyumbani lililosajiliwa mwaka 2014, lilianzishwa na Angela Benedicto, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi za ndani. Limewapa hifadhi mabinti walioteswa, na wakati huohuo limepigania mikataba ya kazi na haki zao mbele ya sheria. Kabla yake Kivulini, tangu 1999, ilishughulikia haki za wanawake hapa mjini. Wameshika mkate kwa mkono mmoja na sheria kwa mkono mwingine, na mabinti wanaohudumiwa hawachujwi kwa kabila. Kinachonisikitisha ni kwamba kazi hiyo hutegemea sana wafadhili wa mbali, ilhali Mwanza nzima imejaa mifuko ya kuzikana isiyopungukiwa michango.

Na serikali? Fedha ya umma ipo. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisitishwa 2023 ukarudi 2024 na taratibu mpya. Lakini mkopo hupewa kikundi kilichosajiliwa, chenye watu wanaofahamika mtaani. Mgeni wa miezi miwili hana kikundi, hana barua ya utambulisho, na mwenyekiti wa mtaa hamjui. Fedha iliyokusudiwa mnyonge inampita mnyonge kuliko wote, na si kwa ubaya wa mtu yeyote. Ni kwa sababu mlango wake unafunguliwa na kujuana, kitu pekee ambacho mgeni hanacho.

Hapo ndipo naona mahali pa vyama vyetu. Mtu wa kwenu hana haja ya kuwa mfadhili wako maisha yote. Awe mdhamini wako kwa miezi ya kwanza: akupeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, akusaidie kufuatilia kitambulisho cha Taifa, akuingize kwenye kikundi, akwambie ni dalali gani mwongo. Baada ya hapo mzigo uwe wa halmashauri. Ijue nani anashuka Nyegezi na Kirumba akiwa chini ya umri wa kufanya kazi, ikague waajiri wa majumbani, na ihakikishe anayehesabu abiria gatini hawi mtu anayenufaika na tiketi za ziada. Kazi hizi chama hakiwezi kuzifanya na hakipaswi kujidai kinaziweza. Kinachoweza ni kuzidai, kwa sauti ya wanachama mia tatu wenye kadi.

Gharama? Katika chama ninachochangia mimi, ada ya mwezi haifiki bei ya kilo mbili za sato. Tukitenga sehemu ndogo ya ada hiyo kwa ajili ya walio hai, mfuko wa misiba hautatikisika.

Mwezi uliopita nilimwandikia katibu wetu kuomba ajenda moja iongezwe kwenye mkutano mkuu wa mwaka: mfuko wa mapokezi, na kamati ya watu watatu ya kwenda kuonana na uongozi wa stendi na wa gati. Katibu ni mtu makini. Alinipigia jioni hiyohiyo, akasema kaka, jambo lako ni zuri, ila fomu ya msaada ina kipengele cha kijiji na kata anakotoka mhusika; je, akija mtu ambaye si wa kwetu tuandike nini?

Nimemwomba aiache nafasi hiyo wazi. Ameahidi kuwauliza wajumbe.